Kiswahili Kisichowahi Kulowa

Meli ya kwanza niliyopanda maishani mwangu ilichorwa kwa chokaa kwenye uwanja wa mpira, Gitega. Ilikuwa na omo, ndiyo mbele, na tezi, ndiyo nyuma, na katikati ilikuwa na majani ambayo mbuzi wa jirani waliyapenda sana. Ukikanyaga nje ya mstari, umezama. Mwalimu anapiga filimbi, anapaza sauti, "Mtu majini!" na wewe uliyezama unalala vumbini, unanyoosha mkono, unangoja wenzako wakutupie kamba. Wanawake waliokuwa wakitoka sokoni na mabeseni kichwani walisimama kututazama, vijana wazima tumelala pakavu tunaomba kuokolewa. Walipochoka kutazama wakaendelea na safari yao, wakikatisha katikati ya ziwa.

Nilikuwa nimechaguliwa kuingia mafunzo ya maofisa wa jeshi la maji. Watu wa nchi nyingine wakisikia hivyo hucheka: Burundi na meli wapi na wapi? Nawajibu kwamba tuna Ziwa Tanganyika, lenye kina cha kutosha kuzamisha dharau zao zote. Ila kusema kweli ziwa lile liko chini huko Bujumbura, na sisi wa Gitega tuko juu milimani. Mpaka siku ile, maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona mahali pamoja yalikuwa kwenye pipa la kutawadhia pale msikitini.

Kilichonipitisha ni Kiswahili. Ng'ambo zote za ziwa wanaongea Kiswahili, na ukikutana majini na mvuvi wa Kigoma au mchuuzi wa Uvira, Kifaransa chako cha shule hakikufikishi popote. Wenzangu wengi walikuwa watoto wa vijijini, Kirundi kitupu. Mimi nilikuwa mtoto wa Nyamugari, mtaa wa wafanyabiashara na mafundi, tunakoamka na Kiswahili na kulala nacho. Basi nilijiona mkubwa. Niliwasahihisha hata wasioniuliza. Sikujua bado kwamba Kiswahili cha Nyamugari ni cha vitambaa, nyama na mchele, na hakijawahi kulowa.

Mwalimu wetu, tuliyemwita Afande, alikuwa mtu wa Butihinda kule Muyinga, lakini alikulia ukimbizini Tanzania na akarudi na Kiswahili kilichonyooka mpaka kikawa kinatutisha. Sisi tukisema "iko maji", yeye anasema "kuna maji". Sisi tukisema "mi sijue", yeye anafumba macho na kungoja maumivu yapite. Alikuwa mfupi, mkavu, viatu vinang'aa hata kwenye vumbi la Gitega, na hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Tulimwogopa kwa mioyo yetu yote.

Kwake jambo la kwanza lilikuwa kurudia amri. Ukiambiwa "Leta kamba," hujibu "ndiyo" tu ukaondoka. Unajibu, "Naleta kamba, Afande," ili aliyeamuru asikie kwa masikio yake kile ulichokisikia wewe. Ziwani kuna upepo, alituambia, kuna injini, na kuna woga, na vyote hivyo hula maneno. Tulirudia amri mpaka ikawa ugonjwa. Nyumbani mama akisema "Nipe mkasi," nilisimama wima nikajibu, "Nakupa mkasi, Mama!" Mama alinitazama juu ya miwani, akapokea mkasi.

Halafu kulikuwa na suala la chakula. Afisa hula mwisho, baada ya watu wake wote. Hili lilitutesa. Aliyekuwa kiongozi wa siku alisimama kando ya sufuria ya maharage akiwatazama wenzake wakijaza sahani kwa roho mbaya kabisa, na yeye akaishia kukwangua. Tulikuwa na mwenzetu mmoja mnene, mtoto wa Giteranyi, ambaye siku yake ya uongozi ilipofika alitangaza mbele ya sufuria kwamba anajiuzulu.

Lakini lililomkera Afande kuliko yote lilikuwa neno moja: nilidhani. Hilo lilikuwa marufuku. Ungeweza kusema "sijui". Ungeweza kusema "nimesahau", hata "nilikuwa nimelala", na ukapata adhabu ya kawaida ya binadamu. Ukisema "nilidhani", uwanja wote unanyamaza. "Ulidhani," anarudia polepole. "Na ziwa nalo lilidhani?" Kisha unakimbia kuizunguka meli ya chokaa mpaka mbuzi wenyewe wanakuonea huruma.

Nyumbani sikuwa nimesema ni jeshi gani. Nilisema "jeshi", mama akasema "Mungu akulinde", na tukaishia hapo. Ni kwamba mama haelewani na maji. Yeye pia ni wa Butihinda. Alipokuwa mtoto, wakati wa kukimbia, alivuka mto wa mpakani kwenda Tanzania, na kaka yake aliyekuwa naye hakufika ng'ambo. Hayo nilielezwa na mama mdogo, si yeye. Kwake yeye nilijua tu kwamba gari likikaribia daraja la Ruvubu anafumba macho na kuanza kusoma dua, na hafumbui mpaka mtu amguse bega. Sisi watoto tulikatazwa mito, mabwawa, hata mitaro wakati wa masika. Na maneno ya maji hayakutamkwa nyumbani mwetu. Mawimbi, mtumbwi, kupiga mbizi, hayo niliyasikia redioni kwa watu.

Kulikuwa pia na bidoni. Kila nyumba ya Nyamugari ina mabidoni, yale madumu ya njano ya plastiki yanayokuja na mafuta ya kupikia na kubaki kwa ajili ya maji. Sisi tulikuwa na moja lililoning'inia kwenye msumari chumbani kwa mama, kuukuu, njano yake imepauka ikawa rangi ya siagi, na hakuna aliyeruhusiwa kulitia kitu. Bomba la mtaa likikauka tunazunguka kwa majirani tukiazima mabidoni, na lile linabaki juu pale, tupu. Nilipokuwa mdogo nilidhani limewekewa wageni. Nilipokua nikadhani limetoboka. Mnaona jinsi nilivyokuwa nimeharibika kabla hata jeshi halijanipokea.

Mama ni fundi cherehani. Cherehani yake iko barazani kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, ambaye ukoo wake umeuza vitambaa Gitega tangu enzi za babu zake, na ambaye ana maoni juu ya kila kitu chini ya jua. Jioni nilikaa pale nikimsubiri mama afunge kazi, mikono yangu ikifanya mazoezi yenyewe. Nilifunga mafundo ya jeshini kwenye kila chenye ncha mbili: uzi, mkanda, kamba ya kuanikia nguo nyumbani, hata kamba ya mbuzi wa jirani, ambaye ilibidi aokolewe kwa kisu.

"We unafunga nini hivi?" mwenye duka aliniuliza akiinua uzi kwenye mwanga. "Mi nauza kamba na uzi tangu niko mtoto, fundo ya namna hii sijaona. Iko ya nini?"

"Iko ya jeshi tu, Mzee."

"Jeshi inafunga nani hivi?"

Mama hakuinua kichwa. Mguu wake ulisimama kidogo kwenye cherehani, kisha ukaendelea. Nikadhani hakusikia.

Ikafika siku ya kuambiwa tunahamia Giteranyi, kaskazini mwa Muyinga, ambako kuna ziwa dogo linalofaa watu wa kuanza. Tulishangilia. Afande akangoja kelele ziishe, ndipo akatupa iliyobaki. Kila mmoja wetu angeruka kutoka kwenye boti na kufika ufukweni mwenyewe. Mara ya kwanza, kwa siku ya kuzoea, mtu angeruhusiwa kushika chochote kinachoelea. Mara ya pili, mikono mitupu. Ambaye asingefika mara ya pili asingekwenda Bujumbura na wenzake. Angerudi kwao.

Mimi nilikuwa sijui kuogelea hata kwa ndoto. Nilirudi nyumbani kuaga, na nilitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilitaka ile suti nyeupe ya maofisa wa maji. Nilitaka kusimama mbele ya chombo cha kweli na kusema neno na chombo kigeuke. Kubaki Nyamugari nikimwelezea mwenye duka kwa nini nimerudi, hapana, hilo nilijua lingeniua kabla ya maji.

Mama alinisubiri mlangoni na bidoni mkononi. Lile lile la msumarini. Kifuniko kimekazwa, na limevalishwa mikanda miwili ya kitenge, mipya, imeshonwa mshono juu ya mshono.

"Chukua hili."

"Nijaze nini, Mama?"

"Usitie kitu. Lirudi hivyo hivyo."

"Sitii kitu, linarudi hivyo hivyo," nikajibu, mwili umesimama wenyewe.

"Vizuri," akasema, akaingia ndani haraka.

Ndani ya lori wenzangu walinimaliza. Mtoto wa Giteranyi alilishika bidoni, akaligonga, akalinusa. "Mama yako iko na akili," alisema. "Anataka asali ya kwetu. Ila ameogopa kusema mbele ya watu, anajua utamletea nusu." Mwingine akasema ni la pombe ya ndizi, wakakumbushana kwamba kwetu ni Waislamu, wakarudi kwenye asali. Mimi nikakubali, ni asali. Kuhusu ile amri ya kutotia kitu, nikajiambia ni aibu tu ya mama. Tulipovuka Ruvubu nilitazama chini kwa mara ya kwanza nikiwa na macho ya mwanamaji, nikayafumba.

Giteranyi ni nchi ya baiskeli. Zinabeba ndizi, zinabeba mkaa, zinabeba bibi harusi, na kwenye zile njia nyembamba zinapishana kila mmoja akishika kulia kwake, bila kugombana. Afande alitupeleka njiani kuzitazama. Boti nazo hupishana hivi, alisema, kila mmoja anashika kulia. Nilifurahi, maana hapo ndipo Kiswahili changu kilianza kunirudia. Aliposema "usukani" nilijua, si ndio huo wa baiskeli? Nikainua mkono.

"Na breki, Afande? Breki iko wapi kwenye boti?"

"Chombo hakina breki."

"Sasa kinasimama namna gani?"

"Utaona," akasema, na ningemwomba afafanue, lakini nilikuwa tayari nimeuliza mara moja na nilitaka kuonekana mtu anayeelewa.

Wenyeji walitutoa wasiwasi juu ya viboko. Walisema viboko hukaa upande ule mwingine wa ziwa. Hatukuuliza kama viboko wenyewe wameambiwa.

Tulipiga kambi kwenye uwanja wa shule, maana ilikuwa likizo. Nyumba ya karibu ilikuwa ya bwana mmoja mpiga inanga. Kwa wasiotoka kwetu, inanga ni gogo pana lililochongwa, lina nyuzi juu yake, na anayelipiga huimba kwa kunong'ona, mpaka usogee karibu ndipo usikie anasema nini. Mchana wa kwanza alitupigia, tukapenda. Hata Afande alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, akisikiliza. Hili la Afande kusimama nililiona na nikaliweka akilini, kwa bahati mbaya.

Kesho yake tulikuwa ufukweni. Afande alikuwa kwenye boti pamoja na wenzetu wachache, boti imesogea kidogo kutoka nchi kavu, na sisi wengine tunakunja kamba. Upepo ukaanza kuvuma kutoka upande wetu. Akageuka, akanitazama mimi hasa, akapaza sauti.

"Leta nanga!"

Sasa mnielewe. Kwenye meli ya chokaa hapakuwa na nanga, maana meli ya chokaa haiendi popote. Nyumbani kwa mama yangu neno hilo halikuwahi kupita mlangoni. Dukani kwa yule mzee hawakuliuza. Niliijua inanga moja tu duniani, na jana yake tu Afande alikuwa ameisikiliza kwa mikono nyuma. Nikafikiri, kumbe mtu huyu ana moyo.

"Naleta nanga, Afande!" nikajibu, wima.

"Haraka!"

"Haraka, Afande!"

Nikapanda mlima. Nilikimbia kama sijawahi kukimbia, nikafika kwa mpiga inanga nikihema, nikamwambia kwa Kirundi kwamba Afande anaitaka inanga, tena haraka. Bwana yule alishangaa. "Iki gihe?" aliuliza, saa hizi? Nikasema ni amri. Aliitoa kwa shingo upande, akaniwekea kichwani, na mimi nikashuka. Hakuniamini hata kidogo, kwa hiyo akachukua baiskeli yake akanifuata nyuma, akipiga kengele kila niliporuka shimo.

Nilipotokea ufukweni, boti haikuwapo mahali pake. Ilikuwa imesukumwa na upepo mpaka ndani ya mafunjo, mbali kabisa, imelala upande upande, na wenzetu wanapiga makasia ovyo kila mtu na upande wake. Katikati yao Afande alikuwa amesimama, mikono imekunjwa kifuani, ananitazama. Nami nimesimama kwenye maji ya vifundoni na inanga kichwani. Pembeni yangu, juu ya mchanga, kilikuwapo chuma chenye makucha ambacho nilikuwa nimekiruka wakati wa kukimbia.

Walichukua muda kurudi. Afande akashuka, akalowa viatu vyake vinavyong'aa, akaja mpaka mbele yangu.

"Hii ni nini?"

"Ni inanga, Afande."

"Nilisema nini?"

"Leta nanga, Afande."

"Ukajibu nini?"

"Naleta nanga, Afande."

"Umerudia amri neno kwa neno," akasema. "Na umekosea neno kwa neno. Eleza."

Nilifungua mdomo, na neno lenyewe likaja mbele kabisa, limekaa juu ya ulimi. Nyuma yake niliwaona wenzangu wamekodoa macho. Yule mnene wa Giteranyi alikuwa akitikisa kichwa taratibu, ananisihi.

"Mi nilisikia neno sijue, Afande," nikasema, na Kiswahili changu chote cha majivuno kikanikimbia. "Nikaweka pale neno ninajua. Sikuuliza."

Alinitazama. Kisha uso wake ukafanya kitu ambacho hatukukielewa mwanzoni: mashavu yakatetemeka, akageuka ziwani, mabega yakaanza kuruka. Afande alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga, akamwomba bwana wa inanga apige kwa kuwa ameshafika, na bwana yule, ambaye alitaka tu chombo chake kirudi kikavu, akapiga. Mimi nilisikiliza nikiwa nimebeba ile nanga nyingine, ya chuma, mikononi, na niliambiwa niishike mpaka wimbo uishe. Nyimbo za inanga ni ndefu.

"Kosa lako si kutojua," Afande aliniambia baadaye, machozi bado machoni. "Nani hapa anajua? Kosa ni kwamba uliona aibu kuuliza, ukajijibu mwenyewe. Nenda kaulize kila usichokijua. Ukianza leo utachelewa kumaliza."

Nikaanza. Niliuliza kila kitu mpaka wakajuta. Niliuliza kwa nini kamba inaloweshwa, kwa nini mbele panaitwa omo, samaki wanalala wapi. Mchana wa siku iliyofuata, kabla ya kuruka kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za darasa na bidoni miguuni, nikaona kwamba kuna swali moja sijaliuliza. Nikaazima simu ya mwenzangu.

"Mama, hili bidoni ni la nini?"

Nilisikia cherehani ikisimama.

"Nilikwambia usitie kitu."

"Sijatia. Mi nauliza tu. Ni la nini?"

"Mkanda ukiuvaa unakufika wapi?"

Nikauvaa. Mikanda ile miwili ilipita mabegani na chini ya makwapa, na bidoni likaja kukaa kifuani pangu, sawasawa. Alikuwa amenipima bila mimi kujua, macho tu, kama anavyowapima wateja.

"Kifuani," nikasema.

"Basi."

Kwa mbali nilimsikia mwenye duka akiuliza ni nani huyo anapiga saa za kazi.

"Mama, ulijua?"

"Lile fundo uliloweka kwenye kamba ya nguo," akasema. "Wavuvi waliotutoa mtoni walituvuta kwa kamba yenye fundo kama hilo. Nimeishi nalo kichwani tangu utoto, halafu naliona kwenye kamba yangu limeshika shuka. Ulidhani sijui?"

"Hilo neno tumekatazwa, Mama."

Akacheka kidogo, kile kicheko chake kinachotokea puani. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuniagiza vifungo, jambo ambalo hakuwahi kuniambia maisha yangu yote. Siku ile mtoni bidoni lilikuwa moja. Alikuwa nalo kaka yake, maana yeye ndiye aliyelipata. Walipofika katikati alilivua, akamfunga nalo mama kwa kanga, akamwambia apige miguu. "Akaniambia nirudishe bidoni nikifika," mama alisema. "Nilifika. Nikangoja nimrudishie."

Nilikuwa nalia, nasema wazi. Mbele ya wenzangu, kwenye ngazi za darasa, na bidoni kifuani.

"Mama, kama hutaki niende, mi narudi nyumbani."

"Kama ningekuwa sitaki ningekutuma na bidoni?" akanijibu kwa hasira. "Piga miguu. Usipige mikono sana, mikono inachosha. Na kifuniko kikaze mwenyewe, usimwachie mtu."

"Napiga miguu," nikasema. "Sipigi mikono sana. Kifuniko nakaza mwenyewe."

"Haya. Nina nguo ya watu hapa."

Nilipopanda boti na bidoni langu kifuani, wenzangu walijaribu kuanza utani wa asali lakini waliona macho yangu wakaacha. Afande alinisogelea. Aliishika ile mikanda ya kitenge, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Nani ameshona?"

"Mama yangu, Afande."

"Kwao wapi?"

"Butihinda, Afande."

Hakuuliza zaidi. Yeye naye ni wa Butihinda, mmoja wa waliokimbia wakarudi. Aliweka mkono juu ya kifuniko, akasita, akautoa. "Kaza mwenyewe," akasema. Nikakaza.

Nikaruka. Maji yale yalikuwa baridi, na yaliingia kila mahali palipo na tundu, nikapiga kelele ambayo wanaoogelea kwa heshima hawapigi. Lakini bidoni lilikataa kwenda chini. Nilipiga miguu, na ufukwe ukaanza kuja, polepole, kwa namna ya kunidhihaki. Nilifika kwa magoti. Bwana wa inanga alikuwapo, amekuja kutazama, na alipiga makofi.

Siku ya mikono mitupu nilimkabidhi mtoto wa Giteranyi bidoni alishike juu ya boti, na akaapa kwa mama yake kwamba hatalitia asali. Nikaruka tena. Nilifika nusu nikiogelea na nusu nikilinywa ziwa, mtu wa mwisho katika wote, lakini nilifika. Afande alipoulizwa kama kufika vile kunahesabika, alisema kwamba hajaona popote palipoandikwa lazima mtu afike akiwa mzuri. Tulikula maharage jioni ile, na kiongozi wa siku nilikuwa mimi, na nilikwangua sufuria kwa furaha kubwa.

Nilirudi Gitega kuaga kabla ya kushuka Bujumbura. Mama alikuwa barazani, na mwenye duka ndiye aliyeniona kwanza. "Huyu hapa mtu wa maji!" alipiga kelele, kumbe mtaa mzima ulikuwa unajua. Mama hakuinuka. Alinyoosha mikono, nikampa bidoni. Alilitikisa sikioni, akasikiliza. Tupu. Akakagua kifuniko, akakagua mikanda, akanikagua mimi kuanzia nywele mpaka viatu, ndipo akainuka tukaenda nyumbani, yeye mbele na bidoni, mimi nyuma na begi.

Maji yalikuwa yametoka bombani siku hiyo, na watoto wa mtaa walikuwa wamepanga mabidoni yao kwenye foleni. Nilidhani mama atapita chumbani kulirudisha msumarini. Alisimama uani, akafungua ile mikanda ya kitenge, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akanipa bidoni.

"Nenda bombani ukaniletee maji."

Nilisimama tu pale na kile chombo mikononi, nikikitazama.

"Rudia," mama akasema.

"Naenda bombani," nikasema. "Nakuletea maji, Mama."